Helmeti Mkononi

Madereva wa bodaboda wa Matogoro wananikwepa. Nikifika kijiweni wanasukumiana, kila mmoja anamwonyesha mwenzake, kwa sababu wanajua sipandi mpaka nipewe helmeti, ambayo wao wanaiita elementi. Nikishapewa naikagua kamba, naivuta mpaka inanibana kidevu, halafu namwambia na dereva avae yake, aache kulivisha tenki la mafuta. Mmoja aliwahi kuniambia, kwa upole tu, kwamba tunakwenda sokoni hapo, mama, si mbali. Nikamjibu kwamba mume wangu naye alikuwa anakwenda joshoni hapo, si mbali. Hakunielewa, na asubuhi ile sikuwa na moyo wa kumweleza.

Mume wangu alikuwa anafanya kazi ya kupanda farasi. Nikisema hivyo mjini watu wanacheka, wanadhani natania, kwa sababu Songea farasi humwoni. Lakini kule juu, upande wa Madaba, kulikuwa na shamba kubwa la ng'ombe kwenye vilima vya majani matupu. Mvua ikinyesha pikipiki ilikuwa inateleza na kulala chini, na mtu wa miguu alikuwa anamaliza siku nzima kabla hajauzunguka ua wa senyenge. Mwenye shamba, mzee mkali aliyekuja na mifugo yake kutoka kaskazini, akaleta farasi watatu. Mume wangu ndiye aliyefundishwa, maana wenzake waliogopa. Kijiji kizima kilikuja kumtazama siku za mwanzo, na bibi mmoja alisema yule mnyama ana macho ya mtu anayekudharau.

Mzee yule alikuwa na sheria moja isiyo na mjadala: bila kofia, hakuna farasi. Alizitundika zile helmeti nyeusi juu ya matandiko, ili mtu asiweze kutwaa tandiko kabla mkono wake haujagusa kofia. Mume wangu alikuwa anarudi nayo nyumbani, anaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, na nilikuwa namtania kwamba siku maharage yakizidi nitaipikia. Alikuwa anacheka, asubuhi anaivaa. Sijawahi kumwona akipanda bila hiyo. Naandika hivi kwa sababu kuna watu wanadhani alikuwa mzembe, na mzembe hakuwa.

Tatizo la mume wangu lilikuwa adabu. Alilelewa na bibi yake mzaa baba, aliyemfundisha kwamba mtoto wa watu hamwamkii mkubwa huku amefunika kichwa. Wanaume wengi wa kwao walikuwa hivyo, wanavua kofia wakikuona ungali mbali, lakini yeye alizidisha. Nilikuwa namwambia kwamba atakuja kuvua kofia hata kwa mbuzi mwenye ndevu. Sasa fikiria mtu wa namna hiyo ukimweka juu ya farasi. Kumwamkia mzee ukiwa umekaa juu kuliko kichwa chake, tena na kofia, kwake ilikuwa sawa na kumtukana. Kwa hiyo kila alipokutana na mkubwa alikuwa anasimamisha mnyama, anavua, anashuka, anaamkia, anauliza habari za mahindi na za wagonjwa, anavaa, anapanda. Akisonga hatua chache anakutana na mwingine.

Mwenye shamba alichoka. Haikuwa habari ya kuchelewa tu. Alimweleza kwamba mtu anayefungua kamba ya kidevu yuko juu ya farasi ana mkono mmoja tu wa kushikia hatamu, na mnyama hangoji umalize adabu zako. Mume wangu alijaribu njia ya mkato. Kwa muda mfupi alikuwa anapita anagusa ukingo wa kofia kwa vidole, anainamisha kichwa kidogo. Malalamiko yakanifikia mimi kisimani: mume wako siku hizi anatuamkia kama askari. Nilimpelekea maneno hayo, akakosa raha. Mwisho wakaelewana na mzee kwamba atashuka kwanza, miguu yote miwili iguse chini, ndipo avue kofia. Alishika mpango huo kama amri ya kanisani. Mimi mwenyewe nilimwona mara nyingi barabarani akishuka kwanza, kisha mkono ukienda kidevuni, na nilikuwa nacheka jinsi alivyosimama kando ya yule mnyama mkubwa, kofia imekumbatiwa kifuani, akiongea na kikongwe aliyebeba kuni.

Heshima si utumwa, wanasema watu. Mimi siku hizi msemo huo unanikera.

Mama yangu alikuwa anakaa kijiji cha jirani na shamba. Kwetu mama mkwe na mkwe mwanamume hawatazamani machoni. Hawashikani mikono, hawali sahani moja, na wakikutana njiani mmoja anapisha, wanaamkiana wameficha nyuso. Mama alishika mila hiyo kuliko wenzake wote. Mume wangu akija kwetu, yeye alikuwa anapitia nyuma ya jiko. Walikuwa wanaongea kupitia kwangu, mmoja yuko ndani na mwingine yuko nje, ukuta mmoja wa tofali katikati. Mama alikuwa anasema, mwambie mkwe wangu chakula ni kidogo lakini ale. Mume wangu, aliyesikia kila neno, alikuwa anasubiri mimi nirudie, ndipo anajibu, mwambie mama nashukuru, chakula ni kingi. Nami narudi jikoni na jibu ambalo mama ameshalisikia na ameshalitabasamia. Wakati mwingine nilikuwa nachoka, nawaambia wakutane huko huko njiani waniache nipumzike. Lakini walipendana. Yeye ndiye aliyemwezekea nyumba mama baada ya baba kufariki, na mama hakuwahi kuchuma uyoga bila kumwekea fungu lake.

Uyoga ndio uliomleta siku ile. Mvua za mwanzo zilikuwa zimeanza, jua likichoma kati ya mvua na mvua, na mama alikuwa anakuja kwetu na ndoo ya uyoga kichwani imefunikwa majani, mkononi mwavuli wake mweusi. Mume wangu alikuwa anatoka shambani kwenda joshoni kuogesha ng'ombe. Kuna kona pale, ina milanzi, ile mianzi ya pombe, pande zote mbili, huoni anayekuja mpaka mmekutana. Hakuna mtu mwingine aliyekuwepo. Yote ninayoyajua nimeyapata kwa mama, na aliniambia mara moja tu, tumekaa sakafuni kwenye korido ya hospitali mjini.

Aliniambia kwamba wote wawili walishtuka. Mume wangu yuko juu ya farasi, kofia kichwani, uso kwa uso na mama wa mkewe, hatua chache tu kati yao. Angekuwa mzee mwingine yeyote, angeshuka kwanza. Lakini huyu alikuwa mkwewe, na aibu haimpi mtu nafasi ya kupanga mambo. Mkono ulikwenda kidevuni.

"Nilimwona anafungua ile kamba," mama alisema. "Nikajua ananivulia. Nami nikaona haya, nikampisha."

Alitua ndoo, akaingia kwenye majani, akaushusha mwavuli mbele ya uso wake ili wasitazamane. Ndivyo inavyotakiwa. Mama alifanya kama alivyofundishwa, na mume wangu alifanya kama alivyofundishwa. Farasi peke yake ndiye aliyekuwa hajafundishwa mila za kwetu. Aliona kitu cheusi kikishuka ghafla mbele ya macho yake.

Mama alisikia kwato, akasikia kishindo. Hakuchungulia. Alidhani mkwe ameshuka, kwa kuwa siku zote alikuwa anashuka, na mdogo ndiye anayeanza kuamkia. Akakaa nyuma ya mwavuli anasubiri shikamoo yake. Hajui alisubiri kwa muda gani. Alisema aliwasikia ndege kwenye milanzi, akasikia kwato zikipotelea mbali, akaanza kushangaa kwa nini mkwe hasemi. Ndipo alipoinua mwavuli.

Alikuwa amelala ubavu, kichwa kwenye jiwe la ukingo wa mfereji. Helmeti ilikuwa mkononi mwake.

Kuna sehemu ya pili ya habari hiyo, na hiyo ndiyo iliyomla mama. Hakumgusa. Alisimama juu yake akimwita mkwe, mkwe, na mikono yake ikakataa. Maisha yake yote alikuwa hajamgusa. Akamwacha pale, uso nusu kwenye tope, akakimbia mpaka shambani kuita wanaume, mwanamke wa umri wake, kwenye mlima ule. Nilipomuuliza daktari, alisema hilo halikubadilisha kitu, na kwamba pengine ilikuwa heri hakumgeuzageuza. Nilimweleza mama maneno ya daktari zaidi ya mara moja. Aliitikia kwa kichwa, hakuamini hata kidogo.

"Hata kumfuta tope," alisema. "Mtu anamfuta hata mtoto wa jirani."

Watu walikuja kutupa pole, na kila aliyekuja alikuwa na maelezo. Wengine walisema farasi si mnyama wetu. Wengine walinong'ona habari za uchawi, wakamtaja na mtu. Lakini msemo uliokuja na karibu kila mgeni, pamoja na kilo ya sukari, ulikuwa ule wa ajali haina kinga. Nilivumilia, nikavumilia, mpaka siku moja nikamwambia mgeni wa watu kwamba hii ilikuwa nayo. Ilikuwa mkononi mwake. Yule mama aliondoka bila kumaliza chai, na mpaka leo tunasalimiana kwa mbali.

Mwenye shamba alikuja mara moja. Alikaa kwenye kiti, akasema, "Nilimwambia," kisha akajisikia vibaya kwa kusema hivyo. Aliniletea vitu vya mume wangu kwenye mfuko wa mbolea ya salfeti. Ndani mlikuwa na buti, koti la mvua na ile helmeti. Niliigeuza pande zote dirishani. Haikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Ningeweza kuirudisha dukani.

Tulihamia Matogoro ili tuwe karibu na hospitali. Nina cherehani yangu barazani, nashona sare za shule na mashuka ya harusi, na binti yetu yuko shule ya bweni. Mume wangu anatembea, mguu mmoja ukichelewa. Upande wa kushoto wa kichwa kuna mahali mfupa umebonyea, panatosha yai kukaa. Daktari alisema pakingwe pasigongwe tena, kwa hiyo nimemshonea kofia ya sufu na kuipachika godoro jembamba ndani, nayo inamsaidia pia kwa baridi ya hapa, inayoshuka kutoka mlimani kila jioni. Maneno yake mengi yamekwenda. Jina langu limekwenda, la binti yetu limekwenda, farasi amekwenda kabisa, hata ukimwonyesha picha. Kitu kilichobaki kizima ni adabu. Sijui kimejificha sehemu gani ya kichwa hata lile jiwe lisikipate.

Kila asubuhi akiamka ananikuta nimewasha moto. Anatazama, anaona mtu mzima, anavua kofia.

"Shikamoo," ananiambia mimi, mkewe.

Zamani nilikuwa namsahihisha. Nilikuwa nakaa mbele yake, namshika mashavu, namwambia mimi ni nani, na yeye alikuwa anaona aibu kama mtu aliyekosea mlango. Siku moja nikachoka, nikamjibu marahaba, na uso wake ukatulia. Tangu hapo namjibu hivyo. Kisha namvika kofia. Mchana kutwa anakaa barazani kando ya cherehani, na barabara yetu ina wapita njia wengi. Anamvulia muuza mkaa, anamvulia mwalimu, anawavulia wanawake wanaotoka kusali jumuiya. Mimi nashona mstari mmoja, nanyanyuka, namvika, narudi, nashona mwingine. Kuna siku nikimtazama natamani ningeolewa na mtu asiye na heshima hata kidogo, mlevi wa ulanzi anayetukana wazee, ili leo awe mzima ananitukana na mimi.

Mama hakuja. Miezi ikapita, mahindi yakavunwa, yakapandwa mengine, hakuja. Alituma maharage kwa basi, alituma viazi, alituma uyoga uliokaushwa. Kila Jumapili baada ya misa alinipigia simu, na swali lilikuwa moja: "Mgonjwa anaendeleaje?" Hakusema mkwe tena. Halafu alikuwa anauliza, "Ananitaja?" Nilikuwa namjibu kweli tupu, kwamba hamtaji mtu. Nilijua anasikia nini katika jibu hilo. Anasikia kwamba mtu huyo amekasirika, amemfungia mlango. Jirani yake aliniambia kwamba mama hashiki tena mwavuli, anatembea na mvua inamnyeshea, na kwamba akiona mwanaume mbele yake njiani anarudi alikotoka.

Jumapili moja niliamka vibaya. Usiku mzima hakulala, nami sikulala. Simu ilipolia nilisema kabla hajauliza.

"Mama, miaka yote mmenituma. Mwambie mkwe hivi, mwambie mama hivi. Leo mimi nakutuma wewe. Njoo umwone mwenyewe, mimi sina nguvu tena za kuwapelekea habari."

Alikata simu. Nikajua nimemwumiza, na sikujuta, kwa kuwa nilikuwa nimechoka kiasi hicho.

Alikuja katikati ya juma. Mvua ilikuwa inanyesha ile ya kudondoka polepole inayofunika mlima wote wa Matogoro, na mimi nilikuwa napachika vifungo. Niliinua macho nikaona mtu amesimama uani, mbali kidogo na baraza, kitenge kimemganda mwilini, ndoo ndogo mkononi, hana mwavuli. Alikuwa amekonda. Nikamwita apande, analowa. Hakusogea, na nikaelewa kwa nini. Mume wangu alikuwa amekaa pale pale kwenye kiti chake, na kati yao hapakuwa na ukuta.

Yeye naye alikuwa amemwona. Aliona mwanamke mzee amesimama mvuani. Mkono wake ukaanza kupanda kichwani.

"Usivue, baba," mama alisema. Sauti ilikuwa ndogo. "Nakuomba usivue."

Akavua. Alivua polepole kama siku zote, akaikumbatia kofia kifuani, kichwa kikabaki wazi. Mama alikuwa hajapaona mahali pale. Siku ile palikuwa na damu na tope, na hospitalini palikuwa na bandeji. Sasa alipaona, na hakuficha uso. Niliweka sindano chini. Nilidhani atageuka arudi stendi na ndoo yake.

Alipanda baraza. Alipita mbele yangu kana kwamba mimi sipo, hakunituma neno lolote. Akaichukua kofia kutoka mikononi mwa mkwe wake, akamvika, akaivuta mpaka ikafunika masikio, kama unavyomvika mtoto anayekwenda shule asubuhi ya baridi. Maji yalikuwa yanamdondoka vidoleni na kumwingia mume wangu shingoni. Mkono wake ukabaki pale, juu ya upande uliobonyea. Kisha akapitisha kiganja kwenye shavu lake, akalifuta, ingawa halikuwa na kitu. Nilikuwa sijawahi kuona jambo hilo katika ukoo wetu, na nilitamani niwepo mahali pengine.

Akarudi nyuma hatua moja, akasimama kwenye ngazi, kichwa chini, anasubiri.

Mume wangu alimtazama. Mkono ukapanda tena, kofia ikatoka tena.

"Shikamoo," akasema.

Mama alifunika mdomo. Alikaa hapo hapo kwenye ngazi iliyolowa, mabega yakitikisika. Alisema, marahaba mwanangu, akarudia, na akanitazama mimi uso umefunguka kwa namna ambayo sikuiona tangu kabla ya ile korido ya hospitali. Aliniambia amemjua. Aliniambia, umesikia, ameniamkia, amenisamehe.

Nilimwambia ndiyo, mama, nimesikia. Nikanyanyuka nikamvika mume wangu kofia, nikaingia ndani kumtafutia mama nguo kavu. Mpaka leo hajui kwamba kila asubuhi mkwewe ananiamkia hivyo hivyo na mimi.